Punguzo kwa mtu mwenye ulemavu hapa Mwanza: tuanzie ofisi gani?

DadaWaIgoma
Wakuu habari za muda huu, na wakubwa wote shikamooni.

Naomba ushauri. Mdogo wangu, kijana wa miaka 27, alikatwa mguu wa kulia chini ya goti mwaka jana baada ya ajali. Anatembea kwa magongo na yuko kwangu hapa Igoma. Deni la hospitali bado lipo, mguu bandia hatujapata, na mwenyewe hataki kushinda ndani. Anasema akipata bajaji atajitegemea.

Kila ninayemweleza ananiambia "watu wenye ulemavu wana punguzo". Ukimuuliza punguzo la nini, linatolewa wapi na kwa karatasi gani, maneno yanamwishia. Kwenye daladala konda mmoja anamwambia panda bure kaka, mwingine anataka alipie hadi nafasi ya magongo. Mtandaoni nimesoma kuna kadi maalumu na msamaha wa kodi ya mshahara. Hiyo kadi wanatoa ofisi gani? Nikienda huko nataka niwe najua ninachodai. Nimechoka kuonewa huruma.

MzeeWaKamanga
Kadi ipo binti. Ukiwa nayo, mshahara mpaka 150,000 kwa mwezi haukatwi kodi. Shemeji yangu alinitumia maelezo yote WhatsApp.

SatoMbichi
Mzee wangu shikamoo, ila hiyo ni ya Kenya. Ukitafuta haya mambo mtandaoni, ya Nairobi ndiyo yanatangulia, na watu wanasambaza bila kuangalia ni shilingi ya nani.

NyarKisumu
Ni kweli, hiyo ni yetu huku ng'ambo ya ziwa. Unajisajili na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, unapewa kadi, halafu unaomba cheti cha msamaha kutoka KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Ukishakipata, shilingi 150,000 za kwanza za mapato yako ya mwezi hazitozwi kodi. Kadi peke yake haitoshi. Dada, usipeleke karatasi zetu TRA, watakushangaa.

MzeeWaKamanga
Haya, nimeelewa. Shemeji nitamkuta.

BibiUstawi
Mwanangu DadaWaIgoma, marahaba. Nimestaafu ustawi wa jamii, kazi nimeifanya kanda hii hii ya ziwa, kwa hiyo nisikilize mimi kidogo.

Huku kwetu usitafute kadi moja ya kufungua milango yote. Anzia serikali ya mtaa, kwa mtendaji. Unataka barua ya utambulisho, lakini isiwe ile ya "tajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa wangu" na muhuri basi. Iseme ana ulemavu gani, anaishi na nani na kipato chake kikoje. Watendaji wengi wanaandika ile fupi kwa mazoea, usione haya kumwomba airudie. Ukiwa pale pale hakikisha jina lake limeingia kwenye orodha ya watu wenye ulemavu ya mtaa, na uulize nani yuko kwenye kamati ya watu wenye ulemavu. Kamati hizo ziko kwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Kuna mitaa kamati inafanya kazi na kuna mitaa ni majina tu ukutani, lakini uliza.

Deni la hospitali usiende kubishana dirishani kwa mhasibu. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii humo humo ndani, nenda huko na barua yako. Jua hili kabla hujafika: msamaha wa matibabu ni wa mtu asiye na uwezo, hautolewi kwa sababu tu mtu ana ulemavu. Ndiyo maana utaulizwa nani anamlisha, nyumba ni ya nani, wewe unafanya kazi gani. Maswali yanaudhi, nakubali, ila bila hayo afisa hana cha kuandika kwenye tathmini. Anaweza kupendekeza deni lifutwe, lipunguzwe, au mlipe kidogo kidogo.

Jambo la mwisho: linganisha majina. Kama NIDA inasema hivi na cheti cha hospitali kinasema vile, rekebisheni mapema. Nimeona mafaili yakilala kabatini kwa sababu ya herufi moja.

KondaMstaafu
Mimi nimepiga debe ruti ya Igoma. Kupanda bure ni roho ya konda na mahesabu ya tajiri siku hiyo, usiitegemee. Hiyo sheria ya 2010 inakataza kumbagua mtu, nusu nauli haikuweka. Ila magongo kulipiwa nauli ni uonevu mtupu, magongo si gunia la dagaa! Apandie kituo cha kuanzia, akae siti ya mbele karibu na mlango. Njiani asubuhi hakuna atakayemsubiri apande.

FundiViungo
Nizungumzie mguu. Natengeneza viungo bandia, na kosa ninaloliona sana ni haraka. Kidonda kikipona, kisiki, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, bado kimevimba, na kitaendelea kupungua. Ukimpimia mguu mapema, soketi, yaani sehemu ya mguu bandia inayovaliwa kwenye kisiki, inakuja kumpwaya, anachubuka, mguu unatupwa uvunguni na hela imekwenda. Afungwe bendeji ya kubana kisiki kama alivyoelekezwa, goti alinyooshe kila siku lisije likakakamaa limekunjwa. Na usinunue mguu uliotumika mitandaoni hata kama ni bei ya bure. Soketi inatengenezwa kwa kisiki cha mtu mmoja.

Kuhusu kodi: vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu, kama viti mwendo, vina msamaha wa VAT katika sheria ya 2014. Kwa hiyo muuzaji akikuandikia kiti mwendo na VAT juu yake, mwambie akueleze imetoka wapi.

DadaWaIgoma
Asanteni sana. Bibi, hiyo ya majina umenigusa, NIDA yake ina herufi moja zaidi. Na bajaji je, kodi inasamehewa?

SatoMbichi
Bajaji ya kawaida, hapana. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inasamehe ushuru wa vifaa pamoja na gari moja, lakini viwe vimetengenezwa mahsusi kwa matumizi ya mtu mwenye ulemavu. Mwenye mpango wa kuagiza gari la namna hiyo aongee na TRA kabla halijapanda meli. Likishafika bandarini, gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kila siku huku wewe unatafuta barua.

GurudumuTatu
Mwamba mwenyewe nipo hapa. Mguu wangu wa kulia hauna nguvu tangu polio ya utotoni, na bajaji naendesha, kijiwe changu Buhongwa. Mwambie mdogo wako inawezekana.

Kwanza chombo. Bajaji zetu nyingi klachi na gia ziko mkono wa kushoto, gesi mkono wa kulia, lakini breki ni pedali ya mguu wa kulia. Hapo ndipo yeye atakwama. Mimi fundi alinihamishia pedali upande wa kushoto kwa fimbo ya chuma inayopita chini ya sakafu. Wengine wanaweka breki ya mkono. Kazi hiyo asiifanye mchomeleaji wa mageti, tafuta fundi bajaji, na ukaguzi wa polisi usiukimbie. Kabla ya kununua chochote akae kwenye bajaji iliyosimama, ajaribu kukanyaga kwa kushoto mpaka azoee. Wiki za kwanza mguu uliokatika nao unataka kukanyaga.

Pili hela. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni mkopo usio na riba. Narudia, ni MKOPO, marejesho yapo. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo anayekwambia "ile ilishafutwa" amepitwa. Igoma iko Halmashauri ya Jiji, wilaya ya Nyamagana. Usipoteze nauli kwenda Buswelu, kule ni Ilemela. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Uliza kama anaweza kuomba peke yake au mpaka kikundi, kwa sababu watu wenye ulemavu masharti ya idadi yamelegezwa. Ni wachache wanaoomba hiyo asilimia 2 wakiwa na andiko linaloeleweka. Aandike bei ya chombo, ya breki, bima, mafuta ya siku, na kwa siku anatarajia kubaki na ngapi.

WakiliWaPasiansi
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyeuliza swali moja. DadaWaIgoma, ajali ilitokea akiwa wapi?

DadaWaIgoma
Alikuwa utingo wa lori la kampuni moja ya samaki. Lilipinduka wakirudi na mzigo kutoka Musoma. Ilikuwa baada tu ya Nane Nane. Kampuni walileta laki mbili za pole wakasema yeye ni kibarua, hana mkataba, hawana cha kumlipa.

WakiliWaPasiansi
Basi punguzo liache kidogo. Aliumia kazini. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na waajiri wa sekta binafsi Tanzania Bara wamo. Mfuko unahusika na matibabu, viungo bandia, na fidia ya ulemavu wa kudumu, ambayo kulingana na kiwango cha ulemavu ni mkupuo au pensheni ya kila mwezi. Mguu bandia unaouwazia kuuchangishia unaweza kutoka huko.

"Kibarua" lisikutishe. Mtu aliyepanda lori kwa amri ya bosi na kulipwa na bosi hawezi kugeuzwa mpita njia siku ya ajali. Ila kuna ukomo wa miezi 12 wa kudai, na wewe unasema Nane Nane ya mwaka jana. Anza na hili wiki hii, mengine yafuate.

DadaWaIgoma
Mungu wangu. Hakuna aliyewahi kutuambia. Na hizo laki mbili si zitatuponza?

WakiliWaPasiansi
Pole si fidia. Je, alisaini chochote?

DadaWaIgoma
Anasema alisaini daftari la kupokelea hela tu.

WakiliWaPasiansi
Sawa, utalieleza hilo mapema, usilifiche. Beba PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), taarifa ya polisi ya ajali, karatasi za hospitali, NIDA, na kitu chochote cha kuonyesha alikuwa akilipwa: miamala ya simu, meseji za bosi, picha akiwa kwenye lori. Dereva yupo?

DadaWaIgoma
Yupo, anakaa Mkolani. Aliacha ile kazi.

WakiliWaPasiansi
Afadhali ameacha, ataongea bila woga. Aandike tarehe, namba ya lori, walichopakia na nani aliwatuma, asaini. Karatasi halisi zibaki kwako, ofisini mnaacha nakala.