Mtoto wa miaka 3 anafuata wimbo lakini hasemi: je, muziki unaweza kumsaidia?

Mama wa Kadutu, Bukavu
Ndugu zangu, nawasalimu. Mwanangu ametimiza miaka 3 na hana zaidi ya maneno manne au matano, ingawa nikimtuma kikombe anakileta. Linalonishangaza ni kwamba tukitoka misa hufuata sauti ya wimbo wa kwaya tangu mwanzo hadi mwisho, bila maneno na bila kukosea. Jirani ananishauri akakatwe utando wa chini ya ulimi. Mama mkwe anasema tumemchanganya kwa Mashi, Kiswahili na Kifaransa. Nimesikia kwamba kuna tiba inayotumia muziki. Je, niishike hiyo, au nimtafutie mtaalamu wa lugha na matamshi, yule tunayemwita logopedi?

Muuguzi wa watoto, Goma
Mama, umefanya vyema kuuliza sasa. Kabla ya yote mawili, naomba apimwe masikio, hata kama unaona anausikia muziki. Mtoto anaweza kusikia vizuri sauti nzito, yaani mdundo, mwendo wa wimbo na irabu, huku sauti nyembamba kama s, f na t zikimpita. Mtoto wa namna hiyo huushika wimbo, na maneno yakamponyoka. Mweleze daktari wa masikio, bila kungoja akuulize, kama mtoto aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, kama alipata manjano makali alipozaliwa, au kama alidungwa gentamisini, dawa ya kuua bakteria, kwa maana hayo yote yanaweza kudhuru usikivu.

Utando wa ulimi ukikaza sana unaweza kusumbua kunyonya, lakini haumnyimi mtoto maneno. Tafadhali usikubali wembe wa mtu yeyote. Lugha tatu nazo hazina kosa. Hesabu maneno yake ya lugha zote kwa pamoja. Katika miaka 2 mtoto hutarajiwa kuunganisha maneno mawili, kama «mama njoo», kwa lugha yoyote ile, na ndiyo sababu nasema usingoje.

Baba wa watatu, Bukavu
Sisi tulingoja. Kila mtu alisema binti yetu atasema tu, kwa kuwa hata mimi nilichelewa, na miaka miwili ikapita kabla hatujajua kwamba alikuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Mama, mpeleke.

Mwalimu wa muziki, Lubumbashi
Naunga mkono, ingawa muziki ndio kazi yangu. Paul Nordoff, mtunzi wa muziki Mmarekani, na Clive Robbins, mwalimu Mwingereza, walipoanza pamoja kuwatibu watoto kwa muziki mwaka 1959, hawakuwakalisha watoto wasikilize: mtoto alipiga ngoma apendavyo, na piano ikamfuata yeye, hata akatambua kwamba anajibiwa. Huko kujibizana ndiko kiini cha tiba, wala redio haiwezi kukufanya. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2017, juu ya watoto 364 wenye usonji, yaani tofauti ya ukuaji inayogusa mawasiliano, katika nchi 9, ulionyesha kwamba walioongezewa tiba ya muziki kwa miezi 5 hawakuwazidi wenzao katika kupungua kwa dalili. Kwa hiyo nyimbo zimsindikize logopedi, zisichukue nafasi yake.

Nyumbani, mama, imba wimbo mfupi anaoujua, simama kabla ya neno la mwisho, mtazame usoni, ngoja. Kungoja ndiko kugumu. Wazazi wengi humalizia wenyewe. Akitoa sauti yoyote, ipokee na uendelee. Kisha litoe neno hilo nje ya wimbo: kama ni «maji», litumie penye bidoni anapotaka kunywa, kwa sababu neno linalobaki ndani ya wimbo bado hajawa nalo.

Mama wa Kadutu, Bukavu
Asanteni sana, ndugu zangu. Alipozaliwa alipata manjano, akalazwa chini ya taa siku sita, na hadi leo hakuna aliyekuwa ameniuliza habari hiyo. Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa masikio.