Tuombe michango au tuuze tokeni?

mlinda_pochi

Wakuu, nahitaji ushauri kabla sijakosana na wenzangu. Tupo watatu, tumeandika programu huria ya pochi ya sarafu za kidijitali. Kazi ya usiku, mchana kila mtu ana ajira yake. Mwaka mzima kitufe cha "Changia" kimekaa chini ya ukurasa wetu na kimeingiza michango minne. Mmoja kati ya hiyo ni wangu mwenyewe, nilikuwa najaribu kama kitufe kinafanya kazi.

Sasa mwenzetu mmoja anataka tutoe tokeni, yaani sarafu yetu wenyewe ya kidijitali, tuuze, tupate fedha za kutulipa miaka miwili. Rasimu anayo tayari. Ukurasa wa kwanza ameandika "huu ni mchango wa hiari". Ukurasa wa nne kuna mchoro wa bei inayopanda kama ngazi. Nikamuuliza, huyu anayechangia, ngazi ya nini? Akajibu ni ya kuwatia watu hamu. Yule mwingine hataki hata kuisikia habari hiyo. Mnasemaje?

hesabu_kali

Mkuu, huo ukurasa wa nne ndio kesi yenyewe.

Tezos, mradi wa mtandao wa sarafu ya kidijitali, walikusanya dola milioni 232 Julai 2017, na masharti yao yaliziita mchango usiorudishwa. Waliotoa walikuwa wanasubiri tokeni, si asante. Viongozi walipoanza kuvutana na mtandao ukachelewa, mashtaka yakafunguliwa Marekani, yakaja kumalizwa mwaka 2020 kwa dola milioni 25. Neno "mchango" lilikuwepo muda wote huo.

Kule kipimo ni kesi ya Howey ya 1946, ambayo hata haikuhusu kompyuta, ilihusu mashamba ya machungwa Florida. Mtu ametoa fedha, kwenye shughuli ya pamoja, akitarajia faida kutokana na jasho la wengine? Basi umemuuzia dhamana, yaani uwekezaji unaobanwa na sheria kama hisa, iite jina utakalo. Telegram nao walikusanya dola bilioni 1.7 za tokeni mwaka 2018, na 2020 wakakubali kurudisha zaidi ya bilioni 1.2 pamoja na faini ya milioni 18.5. Wao walikuwa na cha kurudisha. Nyie watatu mtarudisha nini, kitufe?

dadisi

Tusiwatishe sana, kuuza nako kumejenga vitu. Ethereum waliuza ether, sarafu ya mtandao wao, siku 42 mwaka 2014, wakapata bitcoin zaidi ya 31,000, na mtandao ukawashwa Julai 2015. Ila walisema wanauza mafuta ya kuendeshea mtandao, na kweli bila ether hakuna muamala unaopita pale. Pochi yenu inahitaji tokeni kufanya kazi gani?

nyuki_mtendakazi

Mimi nimelipwa kwa michango mara mbili, upande wa Monero, sarafu nyingine ya kidijitali, kwa hiyo naongea kama mlaji. Kitufe peke yake hakichangishi chochote. Kule unaandika pendekezo: kazi ipi, saa ngapi, kiasi gani. Watu wanakuhoji hadharani. Likipita, fedha zinakaa kwenye pochi ya jamii na unalipwa hatua kwa hatua, kila kipande cha kazi kikionekana.

Pendekezo langu la kwanza lilisema "kuboresha pochi, miezi mitatu". Mtu mmoja akaandika maneno mawili tu: kuboresha nini? Niliona aibu, maana sikuwa na jibu. Nikaandika upya: kuondoa hitilafu ya salio kusoma sifuri mtu akirejesha pochi kwa yale maneno 25 ya siri ya kuifungulia, saa 60, na majaribio yake haya hapa. Likajaa siku ya tisa. La pili, la kuandika mwongozo wa watumiaji, lilisota wiki saba. Hitilafu inauma, mwongozo hauumi, ndivyo wachangiaji walivyo.

Wala usidhani michango ni salama kwa kuwa haina tamaa ya faida. Septemba 2023 pochi hiyohiyo ya jamii ilikombwa XMR (sarafu za Monero) 2,675.73, wakati wenye maneno yake ya siri ni watu wawili tu. Habari ikatangazwa Novemba. Zenu zikianza kuja, wekeni saini za watu kadhaa tangu siku ya kwanza, mmoja asiweze kutoa fedha peke yake.

mlinda_pochi

Nimerudi. Swali la dadisi nimempelekea mwenzangu kama lilivyo. Kanyamaza, halafu: "Tokeni ya kupigia kura." Kura ya nini, na tupo watatu? Jioni nikafungua rasimu, ukurasa wa nne haupo. Hakusema kitu, nami sikuuliza.

Tunaandika pendekezo. Kipande cha kwanza ni hitilafu ya ada inayohesabiwa mara mbili muamala ukikwama, tumelalamikiwa sana hapo. Nimekadiria saa 45. Nyuki, swali moja: zile saa za usiku za mwaka uliopita, naweza kuziingiza humo?

nyuki_mtendakazi

Singeziingiza mkuu. Hizo ulishachangia wewe. Na hizo 45 andika 70, hujafungua bado sehemu ya miamala iliyokwama.