Naomba ushauri: pupa za vipepeo kwenye mlimau zinatobolewa

Wadau, naomba ushauri kuhusu viwavi wa kipepeo kwenye mlimau. Wakiwa wachanga wanafanana na kinyesi cha ndege. Baadaye hugeuka kijani, na ukiwagusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Hapo hakuna shida. Tatizo ni pupa (kiwavi akiwa ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo): kati ya 6, 4 zimekauka na ubavuni zina kitundu cha duara, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Kipepeo hutoka kwa kupasua ganda upande wa kichwa, kwa hiyo aliyetoboa ni nyigu kimelea (mabuu yake humla mdudu mwingine kwa ndani), anayetaga mayai ndani ya pupa ikiwa bado laini. Je, tawi nilifunike kwa chandarua kiwavi akiacha kula, au mapema zaidi? Na matundu ya chandarua yawe milimita ngapi? Dawa sitaki kabisa.