Harufu ya mwili na mapenzi: tupeane uzoefu

Wadau, hamjambo. Naanza mimi, niko Jinja. Mume wangu nilimpata ndani ya taksi ya kwenda Kampala. Alikuwa ametoka kupakia miwa, hana marashi hata tone, jasho limemkaukia shingoni. Kufika Mukono nimeshamwegemea. Dada yangu, tumbo moja baba mmoja, anasema mtu huyo ananuka gunia la muhogo uliolowa! Mimi shati lake ndilo mto wangu akisafiri.

Pua zetu zinapishanaje? Nilichosoma ni hiki: mwaka 1995 huko Bern, Uswisi, Claus Wedekind aliwavalisha wanaume 44 fulana usiku mbili, kisha wanawake 49 wakazinusa. Kwa wastani walipenda zaidi fulana za wanaume ambao jeni zao za kinga, zile za HLA, hazifanani na zao. Na jeni hizo ndugu wa damu hawarithi lazima sawasawa, kwa hiyo dada ana pua yake. Waliokuwa wakimeza vidonge vya kupanga uzazi walielekea kinyume. Lakini tafiti za baadaye zimekubali hapa zikakataa pale, msije mkavunja ndoa kwa ajili yangu.

Leteni zenu.

Mnubi wa Bombo: Kwetu bibi harusi hanuki jasho, ananuka dukhani. Anajifunika blanketi, anakaa juu ya kishimo cha moshi wa kuni maalumu mpaka ngozi inywe. Nililewa moshi ule! Baada ya miezi kadhaa ukaisha, ndipo nikamnusa yeye mwenyewe. Nilishukuru Mungu.

Senga, Masaka: Mnisamehe Kiswahili changu cha kambini, marehemu mzee alikuwa askari. Sisi Baganda hatungojei pua, tunauliza muziro, yaani mnyama au kitu ambacho ni mwiko wa ukoo. Mtoto wa kaka yangu alileta msichana, wanapendana kufa. Kuuliza ukoo: wote Ffumbe! Na ffumbe ndiye fungo, mnyama wa zabadi, basi mkitaka harufu ndiyo hiyo. Ukoo wako huoi, wa mama yako pia huoi. Kijana alilia wiki nzima. Wazee hawakuwa na maabara, ila damu ya karibu waliiogopa.

Mama Pacha, Ggaba: Hilo la vidonge limenigusa. Nilipompata mume wangu nilikuwa navimeza. Mwaka huu nimeacha, na sasa akiingia kitandani nageukia ukutani. Namwambia aoge, anaoga, bado. Ni vidonge, au ni kazi yake? Anauza mukene, wale dagaa wakavu.

Mwenye mada: Dada yangu, mukene usiusingizie jeni! Jasho jipya halina harufu kubwa, ni bakteria wa kwapani wanaolila ndipo linuke. Lakini samaki mkavu anashika kwenye nguo. Lile koti la kazini analiweka wapi?

Mama Pacha, Ggaba: Nyuma ya mlango wa chumba cha kulala.

Senga, Masaka: Ee Katonda!

Mama Pacha, Ggaba: Mnacheka. Nimelitoa sasa hivi, liko kwenye kamba nje, na paka watatu wameshafika. Kesho nitawaambia nimelala nikitazama wapi.