Rafiki yangu kabakwa na mtu tunayesoma naye, hataki kusema. Nifanyeje?

Binti wa Hosteli:
Wakuu, naombeni ushauri, na tafadhali msianze na "alivaa nini".

Ninayekaa naye chumba kimoja alibakwa usiku wa kuamkia jana. Si mtu wa vichochoroni. Ni kijana tuliye naye kundi moja la kazi za darasa, yule anayetuelekezaga takwimu. Alimwita wakamalizie ripoti, mlango ukafungwa. Anasema alikataa, kisha mwili ukaganda, sauti haikutoka. Hilo la kutopiga kelele ndilo linalomtafuna, mpaka anajiuliza kama kweli ni ubakaji. Na yule kijana leo asubuhi kamtumia ujumbe, "mambo, umeamkaje?" na kikatuni cha kucheka!

Hali. Kaoga mara sijui ngapi. Nguo alitaka azichome, nikazificha kwenye mfuko wa plastiki. Hataki polisi, hataki uongozi wa chuo, hataki mama yake ajue. Mimi hasira zimenijaa, nataka nimwanike yule kijana kwenye kundi la darasa, jina na picha.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu, ya polisi yaache kwanza, muda unakimbia. Dawa za PEP za kuzuia VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na zikiwahi ndivyo zinavyokinga vizuri. Atazimeza siku 28, asikatishe. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinatumika hadi siku 5, lakini navyo asivichelewe. Aulizie na chanjo ya homa ya ini B.

Kuoga si mwisho wa ushahidi, aende hivyo hivyo. Hizo nguo zitoe kwenye plastiki sasa hivi, kila moja iwe na mfuko wake wa karatasi. Plastiki inafungia unyevu, vielelezo vinaharibika. Kama anahisi aliwekewa kitu kwenye kinywaji, aseme mapema wampime mkojo, maana baadhi ya dawa hizo hutoka mwilini haraka sana.

Halafu hilo la kuganda. Nimewapokea wengi waliogandishwa na hofu, wenye nguvu zao kabisa. Kunyamaza si kuridhia. Mwambie leo, umwambie na kesho.

Mpita Njia:
Samahani, ila usiku chumbani kwa mvulana alifuata nini?

Nesi Mstaafu:
Ripoti. Imeandikwa hapo juu, soma.

Wakili wa Kujitegemea:
Dada, usimwanike. Ukifanya hivyo, kesho yeye ndiye atakayelalamika kachafuliwa jina, na darasa zima litamjua rafiki yako kabla hajaamua lolote. Ujumbe ule usifutwe wala usijibiwe. Upigeni picha, tarehe na namba zionekane.

Akipata nguvu, aandike anachokumbuka kwa mkono wake. Wewe usimsaidie kukumbuka. Andika yako kando: alirudi saa ngapi, alikuwa katika hali gani, alikwambia nini.

Shauri la nidhamu chuoni na kesi ya jinai ni njia mbili tofauti. Vyuo vingi vinaweza kumtenganisha na huyo kijana kwenye kundi au bweni hata kama hakuna kesi polisi. Ila kabla hajamsimulia mhadhiri au mshauri wa wanafunzi, amuulize: "Nikikuambia, unalazimika kuripoti?" Wengine wanalazimika, na ukishasema huwezi kurudisha. Hospitalini nako aulize hivyo hivyo.

Binti wa Hosteli:
Amekubali hospitali, polisi bado hataki. Sijambishia. Nesi, nguo ya ndani nayo iwe na mfuko wake?

Nesi Mstaafu:
Peke yake, ndiyo. Na abebe nguo za kubadilisha, wanaweza kuzichukua hata alizovaa. Nendeni.