Mtu anachana ukurasa wa daftari langu anafutia dipstiki na benchi zima linacheka

Hilux_ya_Bangwe

Wakuu salamu. Mods naombeni msiunganishe huu uzi na ule wa mafundi, huu ni wa kwake peke yake.

Ivi mtu mzima ana familia ana gereji ana ndevu, anachukua daftari la mteja anachana ukurasa anafutia DIPSTIKI? Tena dipstiki ya Noah ya watu, hata siyo ya gari yangu! Jina simtaji na hakuna haja, nikisema Gungu, nikisema miwani ya kuchomelea iko utosini mpaka msibani, mshamjua wote. Ndio huyohuyo aliyemwambia mtu gari inachemsha "kwa sababu ya jua".

Ni leo mchana, mikono bado inatetemeka. Nimeenda kuuliza kitu kimoja tu, shokapu ndefu za mbele za Hilux ya springi zinapatikana hapa Kigoma mjini au mpaka Dar. Benchi limejaa watu. Mkononi nina daftari langu la mipango ya kuinua gari, akasema lete nione hayo mahubiri. Kasoma mistari miwili, akacheka kile kicheko chake cha jenereta lililoishiwa mafuta, akachana. Akachomoa dipstiki akafuta, akarudisha, akachomoa tena akaangalia, alafu akanigeukia MIMI akasema "oili iko sawa". Watu wakaanguka, muuza kahawa alicheka mpaka kamwaga birika.

Oili iko sawa! Mimi nimeuliza oili?

Na siyo ukurasa wowote jamani. Angechana wa bei ningemsamehe, bei zinabadilika kila wiki. Amechana wa UZITO. Hii Hilux yangu, ile ya zamani ya springi mbele na nyuma, injini 3L, sijainunulia hata boliti moja ya kuinulia na ni makusudi, nataka nijue kwanza nafunga nini na kwa nini. Maana hapa mjini mnawajua watu, hela ya mawese ikiingia mtu ananunua tairi kubwa kwanza kwa sababu kaziona kwenye picha, anafunga, akikata kona zinakula fenda, ndio anatafuta lifti, yaani vifaa vya kuinulia gari, akishainua stelingi inaanza kumvuta ndio anatafuta wa kumrekebishia, shokapu nazo fupi zinaning'inia, hosi ya breki imekaza mpaka inataka kukatika, mwisho wa siku ana gari refu kuliko mnara wa simu ambalo halijawahi kufika Ilagala.

Kwenye ule ukurasa nilikuwa nimeandika gari inabeba nini SIKU ZOTE, siyo siku ya harusi. Springi unachagua kwa mzigo, siyo kwa macho. Madumu 40 ya mawese ya lita 20, mafuta peke yake yanakaribia kilo 730. Weka bampa ya chuma, weka winchi, weka spea tairi mbili. Ukifunga springi ngumu za mzigo alafu unatembea bila mzigo, gari inakurusha mpaka figo zinabadilishana nafasi. Ukifunga laini ukapakia, nyuma inalala na zile inchi mbili ulizolipia zimeishia hapo. Huo ndio ukurasa aliofutia dipstiki. HUO.

Na karatasi ina pande mbili wakuu! Upande wa pili ulikuwa wa tairi. 265/70R16 ina kimo cha sentimita 77.7, ya 285/75R16 ina 83.4. Nusu ya hiyo tofauti ndio inanyanyua difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, sentimita 2.8 na kidogo. Springi hazinyanyui difu hata milimita, kwenye ekseli nzima difu linabaki palepale katikati ya tairi, kinachopanda ni chesisi na bodi. Hilo nililiandika kwa wino mwekundu. Sasa hivi wino mwekundu umelowa oili ya Noah.

Chini yake hesabu ya geji ya spidi. Tairi hiyo ni kubwa kwa asilimia 7, kwahiyo geji ikisoma 50 wewe unatembea 53 na ushee, na tochi ya trafiki pale kijijini haijui kama ulibadilisha tairi. Na gia zote zinakuwa nzito kwa hiyo hiyo asilimia 7, sasa 3L isiyo na tabo ipandishe mzigo kwenda Manyovu tuone. Ukitaka kurudisha nguvu unabadilisha krauni na pinioni, zile gia za ndani ya difu, na lazima zilingane difu la mbele na la nyuma, ukiweka tofauti ukaingiza foo wili unavunja vitu. Hayo yote yalikuwa pale. Akafuta dipstiki. Akasema oili iko sawa.

Mtu asiniambie nipunguze munkari.

Mgebuka_Mkavu

Punguza munkari.

gungu_juu

Nilikuwepo kwenye benchi, nathibitisha. Ila mleta uzi umeruka kipande, ulikuwa umevaa futi kamba shingoni na kalamu mbili mfukoni, jamaa alidhani umetoka ardhi umekuja kupima kiwanja chake

Hilux_ya_Bangwe

Futi ni ya kupimia umbali wa kitovu cha tairi mpaka kwenye fenda, pande zote nne, kabla hujagusa kitu! Bila hicho kipimo utajuaje umeinua inchi ngapi? Na kama upande mmoja umeshalala? Na wewe ulicheka, nilikuona.

gungu_juu

Nilicheka sana mkuu

kasulu_dizeli

Swali dogo tu. Oili ilikuwa sawa au haikuwa sawa?

Hilux_ya_Bangwe

USINIULIZE HILO.

fundi_bubu

Mimi ni fundi na siyo wa Gungu. Mleta uzi anaongea vitu vya maana, acheni utoto. Tena niongeze, hizo Hilux nyuma kuna valvu ya breki ina kifimbo kimeshikwa kwenye ekseli. Ile kazi yake ni kusoma mzigo, nyuma ikilala inapeleka breki nyingi nyuma, ikipanda inapunguza. Sasa ukiinua gari bila kuisogeza, valvu inaamini gari iko tupu milele, umepakia tani breki za nyuma zimelala. Nimeona watu wanabadilisha breki pedi za mbele kila mara hawajui shida iko wapi. Kabraketi kake ka chuma ka kuisogezea kanachongwa hata hapahapa, hakana gharama.

Hilux_ya_Bangwe

Fundi Mungu akubariki. HIYO ILIKUWA MSTARI WA MWISHO WA UKURASA ULIOCHANWA.

kasulu_dizeli

kila kitu kilikuwa kwenye huo ukurasa, hata namba ya tiketi ya meli ya MV Liemba ilikuwepo

Sikonge_Asali

Huku Tabora tunawasoma tu. Nyie mna milima sawa, lakini mnainua magari kwa sifa. Sisi masika mbuga ikijaa maji matope meusi yanameza trekta, hapo urefu haukusaidii, ni tairi la kucha nzuri na kushusha upepo na kujua pa kupita. Gari refu ndani ya mbuga linazama refu hivyohivyo.

Mgebuka_Mkavu

Tabora mnaongea nini na nyie, bonde tupu. Siku mkipata mlima mtauzungushia uzio mtoze kiingilio

Sikonge_Asali

Rudisheni kwanza madumu yetu ya asali mnayoyajazia mawese.

Binti_wa_Ujiji

Samahani mimi siyo wa magari ila nina la kwangu hapahapa. Hao wanaoinua magari wanapowabeba watu wazima wanawaza nini? Ijumaa tumetoka hitma, kaka yangu kaja na hilo li Hilux lake, shangazi ana miaka sabini amevaa baibui, hakuna ngazi hakuna pa kushika. Vijana wawili ikabidi wamsukume kwa nyuma mbele za watu wote msikitini. Shangazi hajasema neno mpaka tumefika nyumbani, alafu akasema mara moja tu, "msiniite tena". Kwenye hayo madaftari yenu andikeni na ngazi.

fundi_bubu

Dada pole, bomba la inchi mbili linachomelewa pembeni siku moja tu limekwisha.

Binti_wa_Ujiji

Tulimwambia!! Akasema litaharibu muonekano.

Boda_Kibirizi

Na taa!!!! mbona hakuna anaesema taa?? mnapandisha gari hamshushi taa, mwanga ulokua unapiga barabarani sasa unapiga kwenye macho ya boda. juzi nashuka toka mtaa wa mwanga kwenda kibirizi usiku nina abiria na ndoo ya dagaa nikakutana na moja hayo, sikuona barabara sikuona abiria sikuona kitu, nimeingia mtaroni, dagaa wote chini na mwenye dagaa anataka nimlipe mimi. ile skrubu ya kushushia taa iko nyuma ya taa hapohapo, unasimamisha gari mbele ya ukuta unashusha, kazi ya dakika tano, mtu ana hela ya tairi hana hizo dakika

Mgebuka_Mkavu

Boda mwenyewe hiyo pikipiki yako ina taa? Ulipita kwetu na tochi ya simu umeing'ata mdomoni

Boda_Kibirizi

hiyo ilikua siku moja balbu imekufa na unajua

Hilux_ya_Bangwe

Wakuu taa nilizipangia, ziko ukurasa wa nne ambao hakuuchana. Turudi kwenye mada basi. Huyu mtu awajibike namna gani? Nataka aniandikie upya kwa mkono wake, pande zote mbili.

Mpanda_Njia

Wewe mleta uzi angalau umechaniwa karatasi. Mimi niliagiza springi Dar, nikatuma na picha na upana nimepima, nikatuma hela nusu. Zimekuja kwenye basi, kufika Kigoma nafungua zina upana mwingine kabisa, yu bolti haziingii, tundu la senta bolti liko kwingine. Napiga simu ananiambia "kaka zitalegea zikizoea". Chuma kilegee kizoee! Mpaka leo nimezipanga chini ya kitanda.

kasulu_dizeli

Mpanda_Njia kwani ile jeki yangu ndefu uliyoazima ulivyokuwa unashusha hizo springi iko wapi? Maana naona umejitokeza mwenyewe.

Mpanda_Njia

Nilirudisha. Hukuwepo, nikaacha kwa jirani yako mwenye mbuzi.

kasulu_dizeli

KWA MWENYE MBUZI? Yule mtu siongei naye toka mwezi wa tatu!! Mbuzi wake waliingia kwangu wakala miche ya michikichi, na siyo miche ya kuokota, ni Tenera, nimeifuata mwenyewe, nimeimwagilia kiangazi chote kwa ndoo. Mnaijua Tenera nyie? Ganda jembamba nyama yote mafuta, miaka mitatu unaanza kuvuna. Wamekula mpaka kile kichipukizi cha katikati na kikiliwa hicho mchikichi ndio basi tena.

Binti_wa_Ujiji

Heh mbuzi wa huyo baba! Walikula na khanga za mama zikiwa kwenye kamba. Doti mbili.

Boda_Kibirizi

ni yule wa nyumba ya kona yenye geti la bluu? mbuzi wake wanalala barabarani usiku, hao ndio siku ile nilipoinuka mtaroni nikawakuta wanakula dagaa zangu

kasulu_dizeli

Ndio huyohuyo. Kesho saa tatu naenda serikali ya mtaa, mwenye ushahidi aje, Binti njoo na hizo khanga. Mpanda_Njia wewe utakuja kusema jeki uliiacha saa ngapi na aliipokea nani.