Kondo Florida, viza ya kazi, mtoto raia: je, tunaweza kuomba msamaha wa kodi ya majengo?

MtuWaTanga, Januari 2025

Ndugu zangu, salaam. Namtafuta aliyelipitia jambo hili mwenyewe, maana ushauri wa kusikia nimeshaupata mwingi na haufanani.

Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi katika maabara ya hospitali hapa Florida, upande wa Ghuba ya Meksiko, kwa viza ya kazi ya muda, H-1B. Mke wangu ana H-4, ya mwenzi wa mwenye H-1B. Machi 2023 tulinunua kondo, yaani nyumba ndani ya jengo la ghorofa, ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, dola 212,000, kwa mkopo wa benki. Tunaishi humo humo. Hatuna nyumba nyingine Marekani na hatujawahi kupangisha hii.

Kabla ya kununua niliangalia kodi ya majengo aliyokuwa analipa aliyetuuzia, bibi mstaafu aliyekaa humo zaidi ya miaka 20. Dola 1,140 kwa mwaka. Bajeti yangu yote niliijenga juu ya namba hiyo. Bili ya Novemba 2023 ilikuja karibu na hiyo hiyo, nikatulia. Ya Novemba 2024 imekuja dola 3,480.

Kwa kuwa benki ndiyo inayolipa kodi kutoka kwenye fedha inazotukata kila mwezi, wiki mbili baadaye nikapata barua yao: malipo ya mwezi yanapanda kwa dola 390. Nusu, dola 195, ni kodi mpya, na nusu ya pili ni kufidia pengo la mwaka uliopita. Pamoja na ada ya chama cha wamiliki, ambayo nayo ilipanda baada ya ukaguzi wa jengo, mwezi huu tumeshindwa kutuma chochote kwa mama Tanga. Ni mara ya kwanza tangu nianze kazi, na nililala vibaya siku hiyo.

Jirani, mzee Mkuba, ndiye aliyeniambia: wewe unaishi humu, kwa nini hujaomba homestead, yaani msamaha wa nyumba ya makazi? Nikaenda ofisi ya mthamini wa mali wa kaunti yetu. Karani akatazama viza yangu, akanirudishia pasipoti: viza ya muda, hustahili, rudi ukipata grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Nikamwambia binti yetu amezaliwa hapa 2021, ana pasipoti ya Marekani. Akasema mwenye nyumba ni wewe, si mtoto.

Grini kadi yangu mwajiri ameianza, lakini bado iko mbali. Je, habari imeishia hapo? Na ile kodi kupanda mara tatu kwa mwaka mmoja ni kosa lao, au ndivyo ilivyo?

---

Mzee_Jax

Pole sana kaka. Mimi niko huku Jacksonville, nilitokea Kigoma miaka mingi iliyopita. Karani hakusema jambo geni. Msamaha ule ni wa anayeifanya nyumba kuwa makazi yake ya kudumu, na mahakama za Florida zilishasema tangu 1963, katika kesi ya mtu aliyetoka Kuba, kwamba mwenye ruhusa ya muda ya kukaa nchini hawezi kisheria kutangaza makazi ya kudumu. Hata kama moyoni hana pengine pa kwenda. Mimi nilisubiri mpaka grini kadi, nikaipata Novemba, Januari nikaomba, ikapita.

Ninachokuomba ni kimoja: usije ukashawishika kujaza fomu na kuficha viza. Kuna watu watakwambia jaza tu, hawaangalii. Wanaangalia. Wakikukuta hukustahili wanaweza kurudi nyuma hadi miaka 10, wakadai kodi yote uliyopunguziwa, faini ya asilimia 50 juu yake, na riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Deni hilo linaandikwa kwenye nyumba yenyewe. Kwa mtu anayesubiri makaratasi ya uhamiaji, hiyo ni hatari isiyo na maana.

---

MamaZuhura

Mzee_Jax, shikamoo. Onyo lako nalishika kwa mikono miwili, hasa hilo la kutoficha. Lakini upo mlango mwingine, nami nimeupita, kwa hiyo kaka MtuWaTanga soma taratibu.

Katiba ya Florida, ibara ya 7 kifungu cha 6, haisemi makazi ya kudumu ya mwenye nyumba peke yake. Inasema ya mwenye nyumba *au ya mtu mwingine anayemtegemea kisheria au kwa asili*. Mtoto mdogo anamtegemea mzazi kwa yote mawili. Binti yako ni raia. Hakuna viza inayomwishia muda, na hakuna wa kumwambia makazi yake hapa ni ya muda. Basi nyumba ni yako, makazi ya kudumu ni yake, na sharti la katiba limetimia bila wewe kudai kitu usichokuwa nacho.

Haya si mawazo yangu. Ilikuwepo familia ya Honduras yenye kondo Key Biscayne, karibu na Miami. Wazazi walikuwa na viza za muda, watoto raia. Waliomba msamaha wa mwaka 2006, mthamini akakataa, kesi ikapanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu ya Florida. Oktoba 2012 mahakama ikaamua kwamba wanastahili, kwa hoja hii hii ya mtoto. Karani aliyekwambia "mwenye nyumba si mtoto" amejibu swali la 1963. Lako limejibiwa 2012.

Sisi ni watu wa Mombasa, tulikuwa na viza ya biashara, wanetu wawili wamezaliwa hapa. Dirishani tulikataliwa kama wewe, kwa maneno yale yale, na mume wangu alitaka tuache. Mimi nilikataa kuondoka bila kuacha fomu, na hapo ndipo nakuomba unisikilize: jibu la mdomo dirishani si uamuzi. Jaza fomu ya kuombea msamaha, DR-501, uwasilishe kabla ya tarehe 1 Machi, udai stakabadhi. Kinachotazamwa ni hali ilivyokuwa tarehe 1 Januari, nanyi siku hiyo mlikuwa mnaishi humo. Pale pa hali ya uhamiaji andika viza yako ilivyo. Kisha ambatisha barua fupi: naomba kama mmiliki, kwa sababu mwanangu ninayemlea anaishi hapa kama makazi yake ya kudumu. Weka cheti chake cha kuzaliwa, nakala ya pasipoti yake, na karatasi yoyote yenye jina lake na anwani ya hiyo kondo. Sisi tulitumia barua ya shule na kadi ya chanjo ya kliniki. Leseni yako ya udereva na usajili wa gari viwe na anwani hiyo pia.

Wakikataa, lazima wakuandikie kufikia tarehe 1 Julai, nawe una siku 30 za kupeleka ombi kwenye bodi ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya kodi. Kwa kukataliwa msamaha wa makazi hakuna ada. Sisi tulifika huko. Kikao kilichukua dakika chache kuliko muda tuliotafuta maegesho. Nilikuwa nimechapisha uamuzi wa 2012 na kupaka rangi ya njano mstari wa mtoto. Msikilizaji wa bodi akausoma, akamuuliza mwakilishi wa mthamini kama ana la kusema, naye hakuwa nalo.

Swali lako la pili. Kodi kupanda mara tatu si kosa la hesabu, na hili laiti mawakala wangekuwa wanawaambia wanunuzi. Nyumba yenye msamaha wa makazi ina kinga: thamani ya kutozea kodi haipandi zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, au chini ya hapo mfumuko wa bei ukiwa mdogo, hata soko lipande vipi. Kinga hiyo ilianza kufanya kazi 1995. Yule bibi aliishi chini yake kwa miaka zaidi ya 20. Nyumba ikiuzwa kinga inaondoka na muuzaji, na tarehe 1 Januari inayofuata thamani inarudi kwenye bei ya soko. Mlinunua Machi 2023, kwa hiyo mwaka huo mlilipia thamani ya bibi, na 2024 mkakutana na ya kwenu.

Ndiyo maana nakuhimiza usisubiri grini kadi. Kiasi kinachoondolewa kwenye thamani, mwaka 2025 ni hadi dola 50,722, ingawa sehemu ya pili yake haigusi kodi ya shule. Kwetu ilikuwa nafuu ya kama dola 700 kwa mwaka. Ni nzuri, lakini kinga ndiyo mali yenyewe. Kila mwaka unaokaa bila msamaha, kikomo chako ni asilimia 10 badala ya 3, na thamani ambayo kinga yako itaanzia inazidi kupanda.

---

MtuWaTanga

Dada, nimesoma mara tatu, na mke wangu amenisomea tena kwa sauti. Ahsante sana. Mzee_Jax, ahsante nawe, sitaficha kitu.

Swali moja. Tulikuwa tunafikiria kumpangisha chumba cha pili kijana mmoja anayeanza kazi hospitalini, ili kuziba hizo dola 390. Itaharibu?

---

MamaZuhura

Usifanye hivyo mwaka huu. Sehemu ya nyumba uliyoipangisha haihesabiwi makazi yako, wanaikata kwenye msamaha. Na kwa hoja yako wewe, chumba hicho ni cha binti. Mwache alale chumbani kwake.

---

Mbezi_Orlando

Samahani kuingilia. Mimi naishi Dar, nina kondo Orlando niliyoirithi kwa marehemu mume wangu, wanakaa wapangaji. Watoto wangu wote ni Watanzania. Kwangu kuna lolote?

---

MamaZuhura

Pole kwa msiba, dada. Msamaha wa makazi haupo kwako, kwa sababu hakuna kati yenu anayeishi humo. Una mambo madogo ya kufanya. Kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka unacho bila kuomba, nje ya kodi ya shule. Ukilipa Novemba unapunguziwa asilimia 4, Desemba 3, Januari 2, Februari 1; kuanzia Aprili ni deni lililochelewa. Na tafadhali badilisha anwani ya barua kule kaunti iwe yako au ya mtu unayemwamini. Taarifa ya thamani ya nyumba, ile inayotumwa Agosti, ikienda kwa wapangaji wanaitupa, na siku 25 za kupinga thamani zinapita hujui.

---

MtuWaTanga, Agosti 2025

Nimerudi kuwapa majibu, maana huwa inaniuma mtu anapouliza kisha anapotea.

Nilipeleka fomu tarehe 18 Februari. Karani alikuwa mwingine. Naye alianza kwa "viza ya muda", nikampa barua na pasipoti ya binti, akaenda nazo ndani kwa msimamizi wake. Nilisimama pale dakika 20 na binti mkononi, anachora nyuma ya fomu. Aliporudi alinipa stakabadhi na kusema watapitia. Juni sikupata barua ya kukataa. Julai pia kimya, nikaogopa kupiga simu.

Jana imekuja taarifa ya Agosti. Safu ya msamaha ina namba, dola 50,722. Makadirio ya kodi ni kama dola 2,790. Nimeipeleka benki leo asubuhi wapige upya hesabu ya mwezi, na mama nimemwambia ya Septemba itakuja kamili.